Siku Makochi Yalipotolewa Nje

Loishiye si fundi wa kila kitu. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo anakutazama kama umemtukania mama yake, kisha anakuonyesha kwa kidole upande wa vijana wa simu na kurudi kwenye kazi yake. Kibanda chake kiko Kwa Mrombo, nyuma ya wauza mitumba, na ndani hakuna pa kukanyaga kwa sababu ya televisheni. Si hizi bapa za kubandika ukutani. Ni zile za zamani za kabati, za mbao, zenye miguu minne na milango miwili ya kufunga, zilizokuja na wamisionari na wataalamu wa Kizungu, enzi ambazo mtu akiwa na televisheni sebuleni majirani walijialika wenyewe. Mitambo ya zamani ilipozimwa na kila nyumba ikaambiwa itafute king'amuzi, watu waliyatoa makabati hayo uani wakafugia kuku. Loishiye aliwahi kumkuta tetea ameatamia ndani ya kabati la mninga, pale palipokuwa na kioo, na hasira iliyompanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Ni Mwarusha wa Oldonyosambu, upande mkavu wa Mlima Meru, ambako alichunga ng'ombe wa baba yake huku redio mbovu ikiwa kwapani. Ufundi aliupata mjini kwa mzee mmoja mkali aliyefundisha kwa matusi. Somo la kwanza lilikuwa kutoa umeme unaobaki umejificha kwenye chogo la kioo kabla hujagusa kitu, maana televisheni iliyochomolewa ukutani bado inaweza kukuua. Baba yake alifariki akiamini kwamba mwanawe mkubwa aliacha ng'ombe akaenda kuchezea masanduku. Jambo hilo linamuuma, ila huwezi kumsikia akilisema.

Anachofanya ni kuyakusanya makabati yaliyotupwa, kuyafufua, kuyaunganisha na king'amuzi kwa kisanduku kidogo anachokitengeneza mwenyewe, halafu kuyatafutia nyumba. Na hapo kwenye kuyatafutia nyumba ndipo watu wanapomcheka. Hakupi kabati mpaka aje kwako kwanza. Anakaa, anakunywa chai yako, anatazama paa kama linavuja, anauliza litasimama ukuta gani na nani atakuwa analiwasha, utadhani amekuja kuposa. Mwenye baa mmoja alitaka moja la kupangia chupa za bia, akafukuzwa kama mwizi. Basi Kwa Mrombo wakamwita Mshenga, na jina likaganda. Makabati yake karibu yote yako kwa wazee: wastaafu wa Njiro, wajane wa Tengeru, watu ambao vidole vyao vinajua kuzungusha kitufe na havitaki kujua habari za rimoti.

Ubaya wa kuwaozesha wazee ni kwamba wazee wanakufa. Maiti ikishazikwa, watoto wanampigia simu: "Fundi, njoo uchukue kabati lako." Anakwenda na kirikuu yake ya bluu, kigari kidogo cha mizigo, pamoja na Brayson, mbeba mizigo mwenye mabega ya kutosha watu wawili, na mara nyingi wanakuta maturubai bado yamefungwa na masufuria ya msiba hayajaoshwa. Wamebeba makabati mengi kupita katikati ya waombolezaji. Watu wa mlimani, ambao hawakosi neno, wakaanza kusema kwamba ukiona ile kirikuu ya bluu imeegeshwa kwa mtu, vua kofia. Loishiye alikuwa anacheka akisikia hivyo. Laiti angekasirika.

Alikuwa na sharti moja tu katika kazi: kabati ambalo mwenyewe bado yu hai halitoki ndani ya nyumba. Likiharibika, fundi analifuata. Atapiga magoti nyuma yake sebuleni kwa watu, ataweka taa ya kichwani, atachafua sakafu na kuifuta. Mzee akishazoea kitu kikae pale, kiache pale, alikuwa anasema, kwa sababu kwa umri ule hata kiti kikihama mtu anaweza kujikwaa. Sharti hilo alilivunja mara moja, nyumbani kwa Mzee Hans.

Mzee Hans alikuwa Mmeru, mstaafu wa posta, na nyumba yake iko juu ya Tengeru, njia ya kupandia mlimani, katikati ya migomba na kahawa. Mke wake, Aika, alitoka Machame akiwa msichana, akaolewa pale, akazaa, akapanda migomba ile kwa mikono yake. Watu wanamwita Mama Stanley, kwa jina la mtoto wao anayeishi Njiro. Kabati lililokuwa sebuleni kwao Loishiye mwenyewe ndiye aliyewapelekea, zamani, wakati mzee bado anaweza kumsimulia fundi habari za waya za simu mpaka chai inapoa. Toka siku hiyo Aika alimwita mwanangu, na hakuwa anamtania.

Kisha akili ya mzee ikaanza kumtoka. Kwanza alisahau miaka, kisha majirani, kisha ng'ombe wake mwenyewe aliowafukuza shambani akidhani ni wa watu. Akamsahau Stanley. Stanley alikuja Jumapili moja na mkewe na watoto, baba yake akamuuliza kwa heshima zote kama ametumwa na ofisi. Lakini hakumsahau Aika. Asubuhi alifumbua macho akaita "Aika," na jioni alifumba macho baada ya kuita "Aika," na katikati aliita mara zisizo na hesabu, hata kama amekaa naye kochi moja.

"Kila kitu kimemwagika," Aika alimwambia Loishiye siku moja wakimenya ndizi uani. "Mimi bado nimo. Siku na mimi nikimwagika, mwanangu, hapa sitakuwa na mume tena. Nitakuwa na mgonjwa tu. Mgonjwa nitamwogesha, nitamlisha, lakini mimi nitakuwa nani?"

Loishiye aliendelea kumenya.

Kilichomtuliza mzee kila mchana kilikuwa kabati. Aika alifungua ile milango miwili, mzee akazungusha kitufe, akakaa akatazama kwaya za kanisani mpaka usingizi ukamchukua. Stanley aliwahi kuleta televisheni bapa, kubwa kama meza, na mzee aliiogopa. Alisema hao watu hawana nyumba, watadondoka. Ikarudi Njiro.

Masika yalipokolea, kabati likazima. Lilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, likanyamaza, na mzee naye akaanza kutoka. Alivaa koti, akashuka na njia ya lami akisema anachelewa kazini. Mara moja alikutwa sokoni Tengeru, katikati ya wauza karoti, ana kiatu kimoja. Mara ya pili alikutwa mtoni, maji yakiwa yamejaa, na mtu aliyemshika mkono alisema hatua moja zaidi ingetosha. Aika akafunga geti kwa mnyororo, akamkuta mumewe amesimama hapo analitikisa na kulia kama mtoto. Alimpigia Loishiye simu huku naye analia.

Loishiye alikuja siku hiyohiyo. Akafungua mgongo wa kabati, akatoa umeme kwenye chogo, akachungulia. Flaibeki, kile kifaa kinachokipa kioo nguvu yake, kilikuwa kimepasuka na kuyeyuka. Kingine kama hicho hakikuwepo dukani popote. Kilikuwepo ndani ya kabati jingine kibandani kwake, na kukipandikiza kulihitaji meza, vyombo na umeme usiochezacheza. Umeme wa kule mlimani ulikuwa unapepesa tangu mvua zianze.

"Mama, itabidi niende nalo," alisema.

"Si ulisema hayatoki?"

"Nilisema. Lakini nikilitengenezea hapa umeme ukaruka, nitaua na hicho kingine."

Aika alitazama mlango wa chumbani ambako mzee alikuwa amelala. "Basi fanya haraka, kabla hajaamka. Na mimi niko jikoni, nawapikia machalari ya ndizi na nyama. Hamwondoki bila kula."

Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye jiko la kuni. Na hapa mtu anaweza kumlaumu Loishiye akitaka, mwenyewe anajilaumu vya kutosha. Stanley alikuwa ameweka mlango wa chuma uliofunguka nusu tu kwa sababu ya makochi. Kabati halikupita. Basi Brayson akaona isiwe shida, akatoa kochi la kwanza nje, na la pili, na la watu watatu, na meza, na zulia akalikunja akalisimamisha ukutani. Vitambaa vya kufuma vya Aika vikabaki vimetandikwa juu ya makochi uani. Kisha manyunyu yakaanza.

"Aisee, makochi ya watu yataloa," Brayson alisema, na akafanya jambo la akili: alichomoa turubai kwenye kirikuu, akalifunga kamba moja kwenye parachichi na nyingine kwenye nguzo ya baraza, makochi yakawa chini ya kivuli. Loishiye alikuwa ndani amepiga magoti, anafungua miguu ya kabati. Hakuona kitu.

Sasa wewe simama barabarani, upande wa nje wa geti, kama alivyosimama Fransiska, jirani yao, akitoka shambani na jembe begani. Sebule ya Mzee Hans iko wazi na ni tupu. Makochi yako nje. Turubai limefungwa uani. Na kirikuu ya bluu imeegeshwa. Katika milima yote ile hakuna mtu mzima asiyejua sebule inatolewa vyombo kwa sababu gani: magodoro yatandikwe, wafiwa wakae chini. Fransiska hakuuliza, angeuliza nini? Alitupa jembe, akashika kichwa, akapiga uwi wa msiba ambao ulisikika ng'ambo ya bonde.

Kule mlimani uwi haupigwi ukaachwa peke yake. Mwingine aliudaka shamba la pili, na mwingine juu zaidi, na kabla Loishiye hajajinyoosha magoti wanawake walikuwa wanaingia getini, matope miguuni, vitenge wamejifunga kiunoni. Mmoja alikuwa tayari amebeba kuni. Loishiye alitoka mbio barazani akapaza sauti kwamba hakuna msiba, jamani, hakuna msiba. Lakini mtu wa kirikuu ya bluu akisimama mlangoni na kupunga mikono, nani atamsikia? Kuonekana kwake pale kuliongeza kilio.

Ndipo Mzee Hans akatoka chumbani. Alisimama katikati ya sebule isiyo na kitu, nywele zimesimama, akatazama ukuta mtupu na sakafu na watu wanaolia.

Fransiska alimwona, akaona kwamba baba yu hai. Na kwa kuwa baba yu hai, hesabu yake ikawa fupi. Alimkimbilia akamwangukia kifuani.

"Pole, Baba Stanley! Pole, baba yangu! Mama ametuacha! Mama Stanley ametuacha!"

Mzee Hans hakupiga kelele. Alishuka taratibu, akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, kama mfiwa anavyokaa. Akaweka viganja juu ya magoti. Loishiye alimwona usoni, na anasema mpaka kesho kwamba uso ule haukuwa wa mtu aliyepotewa na akili. Ulikuwa uso wa mtu anayeelewa vizuri kabisa.

Aika alitokea uchochoroni, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi, anauliza nani amekufa. Mwanamke mmoja akapiga yowe la hofu akakimbia mpaka kwenye migomba, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Fransiska alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Aika, akamnusa, akamwambia, "Umeshazikwa wewe, bado kula rambirambi." Aika mwenyewe alicheka. Brayson aligaragara kwenye kochi. Ikawa hadithi nzuri ya kusimulia sokoni.

Kisha Aika akaenda kumwinua mumewe.

"Baba Stanley, inuka. Wamekosea hawa, niko hapa."

Mzee alimtazama kwa macho ya upole, yaliyojaa maji, akampa mkono.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umekuja lini kutoka Machame? Dada yako ameniacha."

Wapo waliocheka tena. Aika hakucheka.

Walirudisha makochi, wakala machalari, na Loishiye akaondoka na kabati, akiamini kama wote kwamba mzee akilala akaamka atakuwa amesahau. Alikuwa anasahau kila kitu. Kwa nini asisahau hicho? Lakini hicho hakukisahau. Aliamka akavaa koti jeusi, akakaa, akauliza mazishi ni saa ngapi. Stanley alipanda kutoka Njiro, akamshika mama yake mkono, akamsimamisha mbele ya baba yake. "Baba, huyu ni mama." Mwinjilisti naye akaja, akasema kwa sauti ya mimbarini. Kila walipomwambia mzee kwamba mke wake yu hai, aliwatazama mmoja mmoja akiona wanamfanyia mzaha juu ya marehemu, akaanza kulia upya, kilio cha siku ya kwanza, mpaka kifua kikambana. Aika ndiye aliyewakataza.

"Acheni," alisema. "Mnamfisha kila siku. Nitakuwa shemeji."

Stanley alimpigia Loishiye simu na maneno aliyoyasema hayafai kuandikwa. Mwisho alisema, "Wewe na makabati yako," akakata. Loishiye hakujitetea.

Aika hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimpigia akanong'ona ili mzee asisikie. "Makochi tumerudisha, lakini anatazama pale mahali pa kabati. Anasema vyombo bado viko nje, nyumba bado ina msiba. Lilete, mwanangu. Likikaa mahali pake, labda na mimi nitakaa mahali pangu."

Loishiye alilishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Kabati la kutolea flaibeki lilikuwa lile bora kuliko yote aliyokuwa nayo, kioo safi, mbao zisizo na mkwaruzo, alilokuwa amemwekea mama yake Oldonyosambu. Alilisafisha kwa muda mrefu akisubiri nyumba ya mama ifikiwe na umeme. Alilipasua bila kufikiri mara mbili. Akakata waya, akachomelea, akakosea, akachomoa, akachomelea tena. Wateja walisimama mlangoni, hakuwatazama. Brayson alimletea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye bakuli, ikakaa mpaka inzi wakaimaliza. Mara ya kwanza alipowasha ukatokea mstari mmoja mwembamba katikati ya kioo, ukafa. Yeye si mtu wa kusali juu ya kazi, kanisani kwenyewe anakwenda kwa kusukumwa, lakini siku hiyo alisali kwa Kimaa, lugha ya kwao, kwa sauti, mbele ya wauza mitumba. Picha ilipofunguka pande zote, nyeupe kisha ya rangi, alikaa chini akafunika uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Walilipeleka mchana. Safari hii waliegesha kirikuu mbali, chini ya barabara, wakalipandisha kabati mabegani na kulipitisha mlango wa nyuma, ambao mara ya kwanza hakuna aliyeukumbuka, na hakuna kochi lililoguswa. Fransiska alikuwepo, amekuja kusaidia, kwa kuwa tangu siku ile hakujua aweke wapi uso wake. Mzee Hans alikuwa kwenye kochi na koti lake jeusi. Walisimamisha kabati mahali pake hasa, miguu ikaingia kwenye alama zilezile za sakafuni. Loishiye akafungua milango na kumwachia mzee kitufe.

Mzee alikizungusha. Kwaya ikatokea, wanawake wenye majoho ya zambarau, wakaimba. Alipitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, akatabasamu, tabasamu ambalo nyumba ile haikuwa imeliona tangu masika yaanze. Fransiska akasema "Asante Yesu." Aika alikuwa amesimama nyuma ya kochi, mikono ameishika pamoja kifuani kama msichana anayesubiri kuitwa jina kanisani. Loishiye akajua kwamba anachokitaka duniani kwa wakati ule ni mzee ageuke tu na kuita.

Mzee aligeuka. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo.

"Kwa niaba ya familia," alisema, "nawashukuru wote mliokuwa nasi. Mmelia na sisi, mmelala chini na sisi. Vyombo vimerudi ndani. Kwa hiyo tanga limekwisha. Mungu awarudishe salama majumbani kwenu."

Sauti ilikuwa nzuri, imenyooka, sauti ya mkuu wa ukoo. Kisha akamwendea Aika, akampa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ndiye umeteseka kuliko wote. Umepika, umefua, umeniogesha bila kuona haya. Dada yako angefurahi. Lakini sasa mimi ni mgane na wewe ni mke wa watu. Usilale tena nyumba hii, watu watasema, na mimi sitaki jina la marehemu lichafuliwe. Nenda nyumbani, wanakusubiri." Akamgeukia Loishiye. "Kijana, utamfikisha stendi apate gari la Machame. Na asiondoke mikono mitupu. Mkatieni mkungu wa ndizi."

Fransiska alitoka nje mbio. Ni Aika aliyejibu, na alijibu vizuri kama mgeni aliyefunzwa.

"Nashukuru, shemeji. Ubaki salama."

Brayson alikata mkungu. Aika akafunga khanga zake mbili kwenye mfuko, na Mzee Hans akamsindikiza kama inavyopasa, kupita kwenye migomba, mpaka getini, akibeba mfuko mwenyewe. Hapo akampa, akampungia, akasimama mpaka walipokata kona. Nyuma yake Fransiska alikuwa amejificha kwenye kahawa, amwangalie asije akatoka.

Loishiye aliendesha mpaka nyuma ya kanisa, akazima gari. Brayson alishuka akaenda kusimama mbali, amewapa mgongo. Aika alikuwa amepakata mkungu wa migomba yake mwenyewe, na alilia kwa muda mrefu, bila sauti, mdomo wazi. Loishiye naye alilia. Alisema nisamehe mama, nisamehe, na yeye akampiga bega kidogo bila kumtazama.

"Stanley atasema nihamie Njiro," Aika alisema mwishowe. "Atamletea muuguzi. Mtu asiyejua kwamba mzee hali maharage, kwamba akiogeshwa unaanza na miguu." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nani atamwogesha hivyo?"

"Sijui, mama."

"Wewe unayatafutia makabati nyumba. Unakwenda, unakaa, unawaambia wenyewe hili linafaa, lichukueni. Au sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi nipeleke na mimi. Leo hii, kabla hajaanza kuhangaika."

Walipita kwa Fransiska. Aika alivaa gauni la jirani yake lililokuwa refu kupita kiasi, akabadilisha kilemba, akavua pete ya ndoa, ambayo haikutaka kutoka mpaka wakatumia sabuni. Kisha akapanda mlima kwa miguu, nyuma ya Loishiye, na walipofika getini kwake akasimama pembeni akamwachia fundi apige hodi.

Mzee Hans alikuwa ameshavua koti. Aliwakaribisha, akazima kwaya kwa heshima ya wageni.

"Shikamoo mzee," Loishiye alisema. "Nimesikia umebaki peke yako. Nimekuletea mama wa kukusaidia kupika na kufua. Namfahamu. Ni mtu mzuri."

"Marahaba. Umefanya vema, kijana." Mzee alimtazama yule mwanamke kwa makini, kama anavyotazamwa mtu anayeingia kwenye nyumba. "Kwenu wapi, mama?"

"Machame."

"Ah. Kule kuna watu wa kazi. Mke wangu alitoka huko. Na unaitwa nani?"

Loishiye alitaka kumtajia jina lolote, la kwanza lililomjia, lakini Aika alishatangulia. Labda alikuwa bado anategemea. Alisema kwa sauti ndogo, akimwangalia machoni.

"Aika."

Mzee Hans alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Hapana," alisema. "Samahani sana, mama. Jina hilo ndani ya nyumba hii lina mwenyewe. Sitaweza kumwita mtu mwingine. Tutafute lingine."

Nje migomba ilikuwa inadondosha maji. Aika alivua viatu, akaviweka mlangoni upande wanakoviweka wageni.

"Sawa, baba," alisema. "Jikoni ni wapi?"

Mzee Hans akainuka kumwonyesha.